Madirisha ya Kwenye Kompyuta

Malaba, 9 Februari 2025

Omoding ndugu yangu,

Yoga noi, nakusalimu kwa Kiteso chetu. Uko mzima huko Nairobi? Unakula? Sisi tuko, ila Akwii wangu shingo yote ni vipele vya joto, na ana miezi tisa tu. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na barua huwezi kuikatiza.

Kile kituo cha watoto ulichotuchorea hapa sokoni ni jiko. Siku ya kufunguliwa ulisimama mbele ya watu ukasema hakitahitaji hata feni moja. Sasa sisi mama wa soko tumechanga feni tatu, na tokeni ya stima haimalizi wiki. Nilitundika kipimajoto ukutani. Saa nane mchana, digrii thelathini na sita! Watoto ishirini wamelala wanahema kama kuku. Hebu nieleze.

Dada yako,
Amuron

Nairobi, 15 Februari 2025

Dada,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima na nakula. Pole kwa Akwii.

Lakini sikuwadanganya. Kabla msingi haujachimbwa nilikijenga kituo chote ndani ya kompyuta: kila tofali, kila bati, hata joto la miili ya watoto. Nikaliacha jua lichomoze na kuzama mwaka mzima, saa baada ya saa. Joto halikupita ishirini na saba. Upepo unaingia upande wa barabara, unatokea nyuma. Hicho kipimajoto cha dukani huenda ni kibovu. Na mwambie mlezi wenu afungue madirisha, watu wa nyumbani mnapenda sana kujifungia.

Ramani hiyo hiyo inaenda kujengwa Busia. Natia sahihi tarehe kumi Machi.

Ndugu yako mdogo,
Omoding

Malaba, 21 Februari 2025

Omoding,

Wewe ni mzima, umeshasema, basi salamu ziishie hapo.

Kujifungia! Nilimsomea Zilpa, mlezi wetu, hiyo barua. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo ni mtoto wa Malaba kweli? Aje avute huu moshi kwanza ndio atuambie tufungue."

Umesahau foleni ya malori iko chini ya hayo madirisha, injini zinanguruma kutwa zikingoja kuvuka kuingia Uganda? Umesahau mama alivyokuwa akipaza sauti kutoka jikoni, "Fungeni dirisha, malori yamepanga"? Wewe ndiye ulikuwa unakimbia kufunga!

Tukifungua, watoto wanakohoa dizeli. Tukifunga, wanaiva. Jumanne Akwii alilegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa. Daktari alisema ni joto, maji yamemwishia mwilini. Tukalazwa siku mbili.

Mimi niliishia kidato cha pili, kompyuta siijui. Lakini nauliza: humo ndani mwake kuna malori? Yafunge hayo madirisha yako uone itasema nini. Kabla ya sahihi.

Amuron

Malaba, 7 Machi 2025

Omoding,

Wiki mbili kimya. Akwii amepona, kama ulitaka kujua. Saa hizi namwacha chini ya meza yangu ya nyanya, afadhali jua la nje.

Jana nilikuwa Busia. Vigingi vimeshapigwa, kando ya foleni ya malori tena.

Mgongo huu ulikubeba nikiwa na miaka saba, mama akiwa shambani. Sikukuangusha hata siku moja. Lakini ukitia hiyo sahihi, usiniite dada.

Amuron

Nairobi, 12 Machi 2025

Dada,

Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu. Mbusu Akwii.

Nilifunga madirisha ya kwenye kompyuta jioni ile ile barua yako ya Februari ilipofika. Kompyuta ikasema thelathini na saba. Kipimajoto chako kilikuwa kinanihurumia. Nilinyamaza kwa aibu. Mimi ndiye niliyeiambia kompyuta kwamba madirisha yako wazi asubuhi hadi jioni, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na kumbe mikono hii ndiyo ilikuwa ikiyafunga ya nyumbani utotoni.

Jumatatu sikutia sahihi. Bosi akaniuliza, "Kwa sababu ya dada yako muuza nyanya?" Nikamjibu ndiyo. Ujenzi wa Busia umesimamishwa, na mimi nimeambiwa nikae nyumbani kwanza. Nimeanza kuchora upya: madirisha yageukie uani, na matundu juu, chini ya paa. Lakini hicho chenu kilichokwisha kujengwa, sijui nianzie wapi.

Ndugu yako,
Omoding

Malaba, 16 Machi 2025

Omoding ndugu yangu,

Yoga noi. Pole kwa kazi. Hasira bado ninayo, sikufichi. Na huyo bosi wako mwambie vitunguu pia nauza.

Hujui uanzie wapi? Njoo Alhamisi, siku ambayo malori huwa mengi. Kompyuta iache kwenye begi. Utaingia kituoni saa sita, madirisha yamefungwa, feni zimezimwa, watoto tutawatoa nje. Utakaa humo mpaka saa kumi. Ukitoka, utambeba Akwii mgongoni ndio tukae tuchore. Leso nitakufunga mwenyewe.

Dada yako,
Amuron