Maji Kwanza, Habari Baadaye

Mukuru kwa Njenga, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba yangu mpendwa,

Mulembe, Baba. Kabla hujaendelea kusoma, mwambie Mama aache kushika kifua, maana najua barua ikifika huko nyumbani yeye huanza kutaja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa. Hakuna mgonjwa. Kaka Wafula ni mzima, wifi yangu Rispa ni mzima, na mimi binti yako ni mzima kabisa, ila viatu vyangu ndivyo vinavyougua. Ninyi je? Goti lako bado linakusumbua wakati wa mvua? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lile? Mahindi ya bondeni yamenusurika viwavi? Niandikie yote, hata yale unayoona hayafai kupoteza wino.

Barua yako ilifika. Kaka alinikabidhi bila kusema neno, nikajua ameshaisoma. Umesema mkono mtupu haulambwi. Umesema msichana asiye na kazi hawezi kukaa kwa kaka yake akila ugali wa watu kama mgeni asiyejua siku ya kuondoka. Tena umesema nikija Krismasi nije na mzigo wangu wote, nisirudi tena Nairobi. Sikukasirika, Baba, lakini siwezi kunyamaza pia, kwa sababu umeandika kwamba ninakaa bure. Ningependa sana kukaa. Nafasi ya kukaa ndiyo sina.

Kazi kweli sijapata, sitakuficha. Asubuhi huwa naenda na wenzangu kwenye malango ya viwanda kule Industrial Area, tunasimama tukiomba Mungu. Msimamizi anatoka, anatutazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni, anawanyooshea kidole wawili watatu, lango linafungwa. Siku niliyobahatika kuulizwa, aliuliza cheti. Nikamwambia ninacho cha darasa la nane. Akasema, "Hicho kafunikie sufuria." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikaja kulia nyumbani nikichambua sukuma wiki. Wifi Rispa alidhani ni kitunguu, na kitunguu hakikuwepo. Sikulaumu kwa ajili ya karo, Baba. Ulifanya uliloweza.

Basi sikiliza jinsi nilivyopata shughuli. Yuko mzee wa watu wa kwetu hapa mtaani, anaitwa Mzee Wanyonyi, fundi wa viatu. Mtu wa kwetu akifariki Nairobi, matanga huanzia kwenye kibanda chake, ndipo watu wanapokutana na kuchanga ili mwili upelekwe nyumbani. Siku moja alifariki bawabu mmoja wa upande wa kwetu. Ilibidi wenzetu wa Donholm na Tassia waambiwe siku hiyohiyo. Simu ya kibanda ipo barabarani, lakini mkono wake wa kusikilizia ulikatwa zamani, umebaki waya unaning'inia. Wenye vibarua hawakuweza kuviacha. Mtu akasema, "Si kuna Nafula? Yeye hana kazi, atumwe." Ilisemwa hivyohivyo mbele yangu, kama vile mtu anavyosema kuna jembe halitumiki.

Mzee mmoja akanung'unika, "Tangu lini msiba ukabebwa na msichana?"

Mzee Wanyonyi hakuinua hata macho kwenye kiatu alichokuwa anashona. "Wewe utafika Donholm na hiyo fimbo yako?"

Basi nikaenda.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo huenda umelisahau. Nilipokuwa mdogo ulinichukua tukaenda kwa Shangazi kumpa habari ya kifo cha mume wake. Tulipofika uliketi, ukaomba maji, ukauliza habari za mahindi, ukauliza za watoto, ukamngoja mpaka na yeye akaketi. Mimi nilidhani umesahau kilichotuleta! Njiani tukirudi uliniambia, "Msiba hauambiwi mtu aliyesimama. Akianguka, utamwokota wewe?" Maneno hayo ndiyo niliyokwenda nayo Donholm. Kila mlango niliketi, nikaomba maji, nikauliza za watoto, nikangoja. Hakuna aliyeanguka. Jioni watu walijaa kwa Mzee Wanyonyi mpaka viti vikaombwa kanisani, na yule mzee wa fimbo alinisogezea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo mimi ndiye hutumwa. Na mtu hatembei mitaa yote hiyo na habari moja tu. Nikitoka Mukuru, huyu ananiambia, "Nafula, ukifika Tassia mwambie dada yangu mtoto ameota jino." Nikifika Tassia, naambiwa kuna mjengo unaanza nyuma ya ghorofa zile, wanataka watu wa kubeba mawe, nami nikirudi nawaambia vijana wa langoni. Vijana hao siku hizi wakiniona hawaniulizi kama nimepata kazi. Wananiita kwa mbali, "Niaje Nafu! Leo umetubebea gani?" Wawili kati yao wako kwenye mjengo huo hadi leo. Mwenye chumba tupu ananiambia mimi, na mwenye kutafuta chumba ananiuliza mimi. Kaka Wafula, ambaye ana mshahara na kitambulisho cha kazi, anaitwa njiani "ndugu yake Nafula". Hapendi, lakini anaitika.

Hata hivyo, mwezi uliopita nilitaka kuacha yote nirudi nyumbani kama unavyotaka.

Kuna mama anaitwa Mama Nekoye, anakaa Tassia ghorofa ya tatu, anauza mboga pale chini. Mdogo wake, Barasa, alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akapotea. Hakuna barua, hakuna salamu. Mama Nekoye alikuwa ameacha hata kulitaja jina lake. Basi asubuhi moja tunasikia hodi pale kwetu, nafungua, kijana mwembamba amesimama na mfuko wa karatasi. Alikuwa amemtafuta dada yake kwenye nyumba ya zamani, hayupo, akaulizauliza mtaani mpaka mtu akamwambia, "Mtafute Nafula, anajua kila mlango." Rispa alimkalisha, akampa uji. Mimi sikungoja hata kuvaa sweta. Nilikimbia, Baba. Nilikimbia hadi Tassia.

Hapo ndipo nilipokosea. Mama Nekoye alikuwa juu anaanika nguo. Aliponiona nakuja mbio, akaiachia shuka ikaanguka hadi chini, akapiga yowe. Jirani yake, Mama Zuhura, mama wa Kipwani, akatoka na mwiko mkononi akisema, "Inna lillahi! Nani tena?" Nilipofika juu kina mama walikuwa wameshajaa kwenye ngazi, wengine wanalia, na mtoto ameshatumwa kumwita mchungaji. Na mimi je? Nilikuwa nimeishiwa pumzi, na miguu imezoea njia yake. Nikaingia, nikavuta stuli, nikaketi. Nikasema, "Naomba maji."

Baba, vilio vilivyopanda hapo sijapata kuvisikia.

"Nafula, usinizungushe," Mama Nekoye akasema. "Nitajie jina tu. Ni nani?"

"Mwacheni mtoto anywe maji jamani," Mama Zuhura akasema, naye machozi yanamtoka.

Nikameza. "Ni Barasa."

Akakaa chini sakafuni. Nikapata pumzi ya pili, nikasema, "Yuko kwetu, anakunywa uji. Anasema haujatiwa sukari ya kutosha."

Kisha nikapigwa na nguo mbichi, pah! usoni. Mama Nekoye alinipiga, akanikumbatia, akanipiga tena. Aliteremka ngazi bila viatu, akaenda bila viatu hadi Mukuru, huku Mama Zuhura nyuma yake amembebea makubadhi pamoja na ule mwiko, ambao alisahau kuuacha. Nikimkumbuka Mama Nekoye alivyomshika Barasa masikio kama mbuzi, akimtikisa na kulia, nacheka peke yangu barabarani.

Lakini siku ile sikucheka. Nilijiuliza, ina maana watu wakiniona wanaona jeneza? Mimi ni msichana mdogo, Baba. Nilikumbuka watoto wa Donholm ambao huacha kucheza nikipita. Nikakumbuka kwamba hakuna hata mlango mmoja niliowahi kubisha bila ujumbe wa mtu mkononi. Iliniuma sana. Nikamwambia Rispa kwamba yatosha, nitafunga mzigo nikapalilie mahindi ya bondeni, maana mahindi hayamwogopi mtu.

Rispa ananitania kila siku kwamba mimi ni posta isiyo na stempu. Siku ile hakunitania. Alikwenda mwenyewe kwa Mama Nekoye, sijui walisema nini.

Jumapili yake Mama Nekoye akaja kwetu baada ya kanisa, na Barasa nyuma amebeba sukari. Hakuzunguka. "Nasikia unataka kutuacha kwa sababu nilipiga kelele," akasema. "Kosa ni letu. Tunakungoja na misiba tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wewe hatujawahi kukuita uwe mgeni. Kuanzia leo njoo hata ukiwa huna neno. Njoo tu."

Nikamuuliza watajuaje siku ambayo nina neno.

Akavua leso yake begani akanipa. "Ukiwa na msiba, jifunge hii kiunoni. Nikikuona huna leso, naweka chai. Nikikuona nayo, nitaketi mwenyewe kabla hujafika."

Neno hilo Mzee Wanyonyi alilitangaza kwenye kibanda chake, na siku hizi linajulikana Tassia, Donholm na hapa Mukuru. Leso ya Mama Nekoye imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wetu. Siku nyingi, namshukuru Mungu, inabaki msumarini. Natembea bila leso, nabisha hodi, nasema, "Sina neno, nimekuja kuwasalimu." Mwanzoni walicheka. Sasa nisipopita wiki mbili wananitafuta. Watoto wa Donholm wananikimbilia. Kazi ya mshahara bado naitafuta langoni, na nikiipata nitaichukua kwa mikono miwili. Lakini Baba, mkono wangu ni mtupu na bado watu wananishika mkono. Ninajivunia. Nimelisema na sitalifuta.

Ninalokuomba ni moja. Krismasi nitakuja na kikapu kimoja tu, mzigo mwingine nauacha hapa msumarini. Usinizuie kurudi Nairobi. Ukiniambia nibaki nitabaki, kwa sababu wewe ni baba yangu, ila nakuomba usiniambie. Ulinifundisha kazi hii mwenyewe, ile siku ya kwa Shangazi, na huku wanaihitaji.

Msalimie sana Mama. Msalimie Nyanya, mwambie dawa yake ya kifua nitaileta. Msalimie mdogo wangu Nekesa, asiache shule hata darasa likimshinda. Wasalimie Shangazi na jirani yetu mfuga nyuki, na yule mzee wa kanisa anayesinzia wakati wa mahubiri, mwambie hata Nairobi wako.

Macho ya Mama hayaoni mbali, nami sitaki azimie. Basi mwambie, akiona msichana anateremka pale kwenye mashine ya kusaga unga, asihangaike na uso. Atazame kiunoni. Hatoona leso. Nitawasalimu wote nikiwa nimesimama, na nikiomba maji mjue ni kiu tu ya safari.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Nafula, asiyekaa