Damu ya Maksai wa Mukendi

Jumatatu, 1 Machi 1993

Ndama wa mdogo wangu Bibiane hasimami. Zéphirin, daktari wa mifugo — tangu shamba la kampuni lifungwe amebaki na baiskeli tu — amemfunua kope na ufizi. Vyeupe kama karatasi. Homa ya kupe imekula damu yote.

Ndama akifa, maziwa yamekwisha: mama yake hayashushi mpaka mtoto aanze kunyonya. Na mjukuu wa Bibiane, Reine, miezi minne, yatima wa mama, hana chakula kingine. Maziwa ya unga hayajaonekana hapa mjini Panda tangu Noeli.

Jirani Mukendi katoa maksai wake. Lita moja na nusu ya damu, kutoka shingoni, katika chupa zilizochemshwa, pamoja na sitrati ili isigande. Saa mbili za matone. Jioni ndama kasimama!

Zéphirin kaacha dawa ya kupe. Kupuliza kila Jumamosi. Bibiane kaitikia, oui, docteur.

Jumapili, 7 Machi

Bibiane katoa ushuhuda kanisani. Ndama kafufuka. Vigelegele. Damu hakuitaja. Mukendi wala.

Ijumaa, 19 Machi

Ndama chini tena. Chupa ya dawa nimeikuta haijafunguliwa.

— Yaya, mukubwa wangu, nilishatoa ushuhuda kama Mungu alimuponesha. Nikimupulizia dawa, batu ba kanisa batasema nini?

— Batasema uko na akili.

Kanuna. Miaka ishirini na miwili ya uandishi wa habari nahoji watu: wanajeshi, waporaji, mawaziri. Shahidi wa namna hii, sijapata.

Jumamosi, 20 Machi

Zéphirin ana hasira, na ana haki. Damu ya maksai yule yule, baada ya siku kumi na tisa, mwili unaweza kuikataa. Tafuteni mnyama mwingine, anasema. Wapi? Mama wa ndama naye ana kupe wale wale. Mukendi alikuwa na jike pia, kamuuza. Anasubiri treni ya Kasai, kwao, kama wenzake wote waliofukuzwa hapa. Maksai mwenyewe anachinjwa kesho.

Hata hivyo Mukendi kaja, akimvuta maksai kwa kamba.

— Mama Bibiane, leo utashukuru nani?

Bibiane kaenda kuchemsha chupa.

Saa tano na dakika kumi: tone la kwanza. Polepole sana. Saa tano na nusu: ndama anatetemeka, anahema mdomo wazi. Zéphirin kabana mrija. Robo tatu ya chupa bado. Bila damu hii, anasema, ndama hafiki kesho. Nayo, hajui. Mwenye ndama aamue — nifungue, niache?

Bibiane, ambaye kwa kila jambo ana aya ya Biblia, amepiga magoti. Anang'oa kupe sikioni mwa ndama, mmoja mmoja, anawaponda kwa jiwe. Reine analia ndani ya nyumba.

Zéphirin anauliza mara ya pili.