Mkataba wa Mjerumani kwa Kiswahili

Jumatatu, 6 Mei 1957

Mashine ya kuandikia imegoma tena. Herufi e haipandi. Kutwa nzima naisukuma kwa kidole, na Kifaransa kina e nyingi kuliko lugha zote ninazozijua. Wino umeingia hadi chini ya ukucha.

Barua nne za Metre kabla ya saa nne. Metre ndivyo tunavyomwita wakili. Huyu wangu ni Metre Dewaele, Mbelgiji, na mimi ni karani wake hapa Kolwezi mwaka wa sita sasa. Tunawashauri wenye kampuni juu ya sheria ya kazi. Mtu aajiriwe vipi, aachishwe vipi, akiumia iweje. Wafanyakazi hawaji kwetu. Hao hawana wakili.

Saa nne ikaja barua kutoka Ujerumani. Kampuni ya huko itasimamisha mashine za kusaga mawe ya shaba, upande wa Dilala. Inatafuta wakili wa mambo ya kazi. Imeiandikia pia ofisi kubwa ya Elisabethville, ile ya mawakili watano. Sisi ni Metre na mimi. Metre aliisoma mara tatu, akavaa koti, akalivua.

Sijawahi kumwona Mjerumani. Baba alibeba mizigo ya askari hadi Tabora, wakati wa vita na Wajerumani, na hakumwona hata mmoja. Aliona migongo ya wapagazi wenzake tu. Mimi nataka kuona.

Jumatano, 8 Mei

Mjerumani anauliza maswali. Ukurasa mzima. Mfanyakazi akiugua, nani anamlisha? Akiitwa kwao kwa msiba, kazi yake inamngoja? Miaka sita napiga majibu ya Metre kwa mashine, na sikuwahi kujiuliza majibu yanatoka wapi.

Leo nimekishusha kitabu cha sheria ili nikipanguse vumbi. Nimekipangusa saa nzima. Metre aliniona. Akaendelea na barua zake.

Sheria si kama nilivyodhani. Nilidhani ni makatazo matupu. Kumbe ni watu wawili wasioaminiana, wamekaa chini wakaandika kila wanachokiogopa. Nataka kuendelea kusoma.

Ijumaa, 10 Mei

Amefika. Bwana Kremer. Mfupi, masikio makubwa, viatu vya vumbi. Nilitegemea mtu mrefu. Nimevunjika moyo kidogo.

Kifaransa chake ni kibovu, na hilo limenifariji. Alinipa mkono kabla ya kumpa Metre. Metre akatazama dirishani.

Anachotaka ni hiki. Kila ofisi iandike mkataba wa kazi kwa Kifaransa, kisha iuweke kwa Kiswahili. Alhamisi mikataba ya ofisi zote mbili itasomwa mbele ya watu aliokwisha kuwaajiri, na wao wamweleze walichosikia. Halafu atachagua mshauri wake. Na si wake peke yake, maana kampuni nyingine za kwao zinaulizia kazi huku kwenye shaba, na zitamwendea huyo huyo. Alipoondoka, Metre aliirudia sentensi hiyo ya mwisho mara mbili.

Kiswahili ni kazi yangu. Naogopa. Nafurahi pia.

Jumamosi, 11 Mei

Neno moja limenishinda. *Préavis*. Zile siku anazokupa tajiri kabla hajakuachisha. Kamusi ya mapadri inasema "ilani". Nilimwuliza mke wangu Ntumba ilani ni nini. Akasema labda ni jina la mtu.

Nikaenda sokoni Manika kwa Salumu, mtu wa Kasongo. Ana malori mawili na madereva. Nilimwuliza, akitaka kumwachisha dereva, anamwambia nini. Aliliona swali la kijinga, lakini akajibu:

"Mi namwambia, tafuta pengine, nakupa mwezi. Ule mwezi anaendesha, anakula, anatafuta."

Nikaandika kiganjani. Mwezi wa kutafuta pengine. Maneno manne, na yamebeba fungu zima la kitabu. Nikauliza tena, na dereva akitaka kuondoka mwenyewe? Salumu akasema dereva naye anampa yeye mwezi, ili atafute mwingine. Ndivyo kitabu kinavyosema. Na Salumu hajui kusoma Kifaransa. Nimerudi nyumbani nikilifikiria jambo hilo njia nzima.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa nimeuliza watu saba. "Kuumia kazini" ni kuumia wapi? Kwenye mashine, wote wamekubali. Njiani ukienda? Wamebishana hadi padri akafunga mlango wa kanisa.

Ntumba anasema nimekuwa polisi.

Jumatatu, 13 Mei

Fungu la kumi na moja la mkataba wetu. Safari ya kurudi kwao mfanyakazi, mkataba ukiisha. Metre ameandika kwamba kampuni itamrudisha mfanyakazi.

Kitabu kinasema mfanyakazi, mke wake na watoto wake.

Nimesoma tena. Nimesoma mara ya tatu, kidole juu ya mstari. Kitabu kinasema hivyo. Mkataba hausemi.

Kosa? Au makusudi?

Jumanne, 14 Mei

Nimeuliza. Sikuuliza kama mwanaume. Nilijificha nyuma ya Kiswahili. Nikamwambia Metre kwamba Kiswahili kinanidai nijue, huyu mtu anarudi na nani.

Metre akaweka kalamu chini. Kisha akanieleza kwa upole, kama mwalimu. Sheria ipo hata karatasi ikinyamaza. Mke na watoto wana haki hiyo tayari. Karatasi si lazima irudie kila kitu, na mteja anapenda mkataba mfupi.

Lakini karatasi inarudia mambo mengine yote. Hata blanketi limeandikwa, na rangi yake. Hilo nililisema moyoni. Kwa mdomo nilisema ndiyo, Metre. Mimi ni mwoga.

Nyumbani nikafungua sanduku la bati, nikautoa mkataba wangu mwenyewe na Metre. Niliutia sahihi Luluabourg kabla ya kuja huku. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na furaha, sikusoma vizuri. Fungu la kumi na moja. Mfanyakazi. Basi.

Tulikuja watatu. Nakumbuka tulivyoteremka Tenke kubadilisha treni, Ntumba na mtoto mgongoni, mimi na sufuria. Sasa tuko wanne.

Nimemwonyesha. Hasomi Kifaransa, lakini aliweka kidole pale nilipoweka changu. Akauliza jina lake lingekuwa wapi kama lingekuwepo. Nikamwonyesha. Akatazama nafasi hiyo kwa muda mrefu.

Alhamisi, 16 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi, kiwanja cha mashine, Dilala. Baridi, moshi wa majani yanayochomwa. Wafanyakazi wameketi juu ya mbao za masanduku. Bwana Kremer amesimama na daftari. Metre na mimi upande huu, upande ule wakili wa Elisabethville na karani wake, kijana wa tai.

Kijana alisoma kwanza. Kiswahili cha vitabu, kitamu kusikiliza. Mimi mwenyewe nilikifurahia. Bwana Kremer akauliza watu wamesikia nini. Wakatazamana. Mmoja akasema wamesikia wawe watiifu. Bwana Kremer akaandika.

Kisha mimi. Sauti yangu ilikuwa ndogo mwanzoni. Nilipofika kwenye mwezi wa kutafuta pengine niliona vichwa vinainuka. Walipoulizwa, mtu mmoja akayarudisha yote: ukinifukuza unanipa mwezi nitafute pengine, nikikuacha nakupa mwezi utafute mwingine. Nilijaa kifua. Nakiri.

Fungu la kumi na moja nililisoma kama lilivyo. Mfanyakazi. Nikataka kupita haraka. Akasimama tata Kabeya, tata kwetu ndiyo baba, fundi wa kufunga minyororo ya kunyanyulia vyuma. Mtu wa Kasai kama mimi. Hakupaza sauti.

"Tata karani, mi narudi na treni, nasikia. Na bibi? Na batoto? Beko banabaki apa na nani?"

Bwana Kremer akaniuliza amesema nini. Metre akanitazama. Ningeweza kusema kwamba anaulizia chakula. Nani angejua? Kijana wa tai, labda, naye alikuwa anatazama chini.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Mke wake na watoto wake watabaki hapa na nani.

Bwana Kremer akamgeukia Metre. Sheria inasemaje? Metre akasema ni lazima ahakikishe. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikitoa, nikafungua ukurasa, nikampa Metre. Sikumpa Mjerumani. Sijui kwa nini nilichagua hivyo, ila ilionekana ni haki yake kukisoma mwenyewe.

Angeweza kukifunga. Akasoma. Kwa sauti, hadi mwisho: mfanyakazi, mke wake, watoto wake. Bwana Kremer akauliza kwa nini jambo hilo halimo katika mkataba hata mmoja kati ya miwili. Wakili wa Elisabethville akaanza kueleza kitu kirefu. Metre akasema kifupi:

"Nimekosea. Litaandikwa."

Nikawaambia watu kwa Kiswahili. Hawakupiga makofi. Tata Kabeya akaomba fungu lisomwe upya, na bibi akiwa ndani. Nikasoma, na bibi akiwa ndani. Ndipo akaketi.

Ijumaa, 17 Mei

Metre hajanisemesha. Aliacha karatasi mezani kwangu, akatoka.

Ntumba amepika bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo. Sikula. Akauliza kama tumefukuzwa. Nikasema bado. Akasema basi kula.

Jumatatu, 20 Mei

Metre amesema leo, bila kuketi. Miaka mingi iliyopita mteja wake wa kwanza alimwomba aondoe maneno hayo, naye akayaondoa. Mkataba wa pili aliunakili kutoka kwa wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili. Anasema alikuwa amesahau kwamba kuna kitu aliwahi kukiondoa. Tangu wakati huo hakuna aliyeuliza.

Sijui kama namwamini. Nadhani namwamini. Hilo ndilo linalonishangaza: jambo kubwa namna hii linaweza kuishi miaka yote kwa kunakiliwa tu. Na baadhi ya nakala nimezipiga mimi, kwa vidole hivi.

Kisha akaniambia nilete mkataba wangu. Ulikuwa mfukoni mwangu tangu Jumatano. Akaandika pembeni kwa mkono, na mke wake na watoto wake, akatia sahihi, akanipa kalamu. Hakuomba radhi. Sikushukuru. Tukarudi kila mtu mezani kwake.

Jumatano, 22 Mei

Bwana Kremer amechagua ofisi ya Elisabethville.

Wana mawakili watano, na mmoja anasoma Kijerumani. Lakini mkataba ameuchukua wa kwetu, pamoja na fungu la kumi na moja lililosahihishwa, na Kiswahili ni changu. Metre alipokea habari hiyo amesimama. Alisema asante kwa adabu. Mlango ulipofungwa, alipanga penseli zake kwa urefu. Nilimwonea huruma. Sikutegemea.

Nilimfuata Bwana Kremer nje hadi kwenye gari, nikathubutu kumwuliza kama aliwahurumia wale wanawake. Akafikiri. Akasema hapana. Kampuni ngeni ikishtakiwa katika nchi ya watu inapoteza mwaka mzima, na tiketi ya treni ni jambo dogo kuliko hilo. Wakili mzuri, kwake, ni yule anayemwambia mapema mahali atakaposhtakiwa.

Nilitaka jibu zuri kuliko hilo. Jioni nimelichukia, kisha nikaacha kulichukia. Watoto wa Kabeya watapanda treni ileile.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya misa, watu wawili mlangoni kwetu. Kisha watano. Kila mmoja na karatasi yake. Wengine wa mgodini, wengine wa reli, mmoja ni dereva wa Salumu, ambaye karatasi yake haina maandishi, ina alama ya kidole tu. Sijui nani aliwaambia. Ntumba anasema si yeye, na anacheka.

Nimekaa kwenye kizingiti nikasoma. Niliyoyajua niliwaambia. Nisiyoyajua nimeyaandika, nitamwuliza Metre kesho. Sijui kama atajibu. Nadhani atataka kujua majibu yeye pia.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Dilala. Mume wake yuko kazini kwa Bwana Kremer, yeye ameleta karatasi ya mume ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa. Kwake maneno yapo. Mke wake. Watoto wake. Nilimsomea. Akaniomba nisome tena, polepole, akifuata kwa kidole kana kwamba herufi zinamjua.

Nikasoma tena. Polepole.