Kitambaa cha Kufutia Mkasi

4 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini Shangazi hakuruhusu kunyanyua hata kikombe. Sisi wazima, ila Mama ana mafua kidogo.

Baba, ile miti ya misaipresi unayoitunza kwenye ua wa daktari wa meno inakauka. Ncha zimekuwa kahawia na mashina yanatoa utomvu kwenye nyufa. Daktari anasema ni jirani yake mshonaji, eti anamwagia mizizi maji ya chumvi kwa sababu miti inamzibia mwanga wa cherehani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atamwita mzee wa mtaa. Mimi nilisimama tu na ndoo yangu, unanijua. Nifanye nini?

Mwanao

9 Mei

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mguu bado unauma, na shangazi yako ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho. Mpe mama yako pole.

Kata matawi makavu, chini ya palipokauka, mpaka uone ubichi. Ukimaliza mti mmoja, futa mkasi kwa kitambaa changu ndipo uende kwa mwingine. Kimo ndani ya sanduku la vifaa. Usafi ndio kazi. Na ugomvi wa majirani usiutie mdomo, sisi tunakula pale.

Baba yako

16 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Mama amepona. Wewe je, umeanza kukanyaga chini?

Nilikata kama ulivyosema, kisha nikaona kitu ambacho sikupenda kukiona. Miti inayougua imeanzia getini, ikafuatana mpaka pale ulipoanguka na ngazi. Baada ya hapo yote ni kijani, hata ule wa mwisho karibu na bomba, ulio chini kabisa ya dirisha la mshonaji. Kama ni chumvi, ungetangulia huo kufa.

Nilimpelekea muuza dawa za mimea tawi moja. Alisema ni ukungu. Huingia kwenye majeraha ya mti, hasa ukipogoa kukiwa na unyevu, na hubebwa na mkasi. Mkasi ufutwe kwa spiriti, kila mti. Nikamwonyesha kitambaa chako. Kimekuwa kigumu kwa utomvu. Alinirudishia kwa ncha za vidole.

Nimeacha kukata. Nikisema, daktari atakufukuza. Nisiposema, mshonaji, mama wa watu, atalipishwa miti. Naomba unijibu haraka, Baba.

Mwanao

27 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukuandikia kabla hujajibu. Nilisubiri mpaka jana asubuhi.

Walikaa uani: daktari, mzee wa mtaa, na mshonaji aliyekuja na futi yake bado shingoni. Daktari alieleza habari ya chumvi. Mshonaji akajibu kwamba ya kutia kwenye mboga yenyewe anaikopa. Mzee akauliza kama kuna aliyeona chochote. Nilikuwa nimeshika kitambaa nyuma ya mgongo. Sauti ilinitoka ndogo, mzee akaniambia nirudie.

"Daktari, koleo lako likitoka kwenye mdomo wa mgonjwa mmoja, unalifuta tu kwa kitambaa?"

Aliniangalia. Nikamwonyesha miti, kutoka getini hadi kwenye bomba. Nikasema mkasi ni wa baba, kitambaa ni cha baba, na mimi pia nimekitumia. Akakichukua, akakinusa. Halafu akamwomba mshonaji msamaha, mzee akisikia.

Mti wa getini umeshakufa. Nimeruhusiwa kuukata na kuuchoma, na mingine niimwagilie chini, si juu ya majani. Kuhusu wewe alisema tu, "Akipona, aje mwenyewe."

Sijui ni heri au shari.

Mwanao

2 Juni

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mguu unakanyaga, kwa fimbo.

Barua yako nimeisoma, kisha nikampa shangazi yako anisomee kwa sauti. Kitambaa kile nilikuwa najivunia mbele ya wenzangu. Nitakwenda kwa daktari na chupa ya spiriti mfukoni. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa kosa langu, si kwa la mshonaji.

Ila kuna barua yangu nyingine iko njiani, niliituma siku ile niliposoma habari ya kitambaa. Posta wameichelewesha, nawashukuru. Ikifika, usiifungue. Ichome pamoja na kile kitambaa.

Baba yako