Dagaa kwenye njia ya baiskeli

Jumanne, Mkolani



Ile njia ya vumbi pembeni ya lami, waliyotuachia sisi wa baiskeli pale Mabatini, siku hizi imegeuka soko. Tangu biashara iwe huria kila mtu anapanga bidhaa zake humo, na sisi tugombanie lami na malori. Leo nimekuta mtu kaanika dagaa njia nzima. Nikachemka. "We mama, toa uchafu wako njiani!"

Akageuka. Mama mkwe wangu.

Kwetu, ukikutana na mama mkwe unampisha njia yote. Nikakata usukani, nikaingia lami bila kuangalia nyuma. Lori likanipita, kidogo linichune kiwiko. Dereva akafoka, "Barabara ya magari hii! Kafie kwenu!"

Nikashuka, macho chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole. Madereva wa siku hizi hawana adabu kabisa."

Madereva!

Mke wangu sijamwambia. Jioni kaniwekea dagaa mezani, zawadi ya mama yake. Nimekula. Kila nikitafuna, nasikia mchanga wa njia yangu.