Maswali Yako ya Mwili, Mwende

Mwende, binti yangu,

Jana nilisimama mbele ya kanisa zima la Muthetheni nikatangaza kwamba umefaulu. Sikungoja hata matangazo ya mazishi yaishe, na mchungaji alinitazama kwa lile jicho la kuniambia nikae. Sikukaa. Niliwaeleza kwamba mtoto wangu amekwenda hadi Uchina akawauliza Wachina, vijana kwa wazee, kama wanaipenda miili yao, na walimu wake wameikubali kazi hiyo na kumpigia makofi. Mzee Kioko akauliza kwa sauti, "Na hiyo nayo ni kazi ya kusomewa?" Nikamwambia kama ako na shida tukutane nje. Unajua nilifundisha darasa la sita miaka mingi, kunyamaza si kipaji changu.

Nikiwa nimesimama pale nilikuwa nakuona ukiwa darasa la saba, na ile sweta nyeusi. Jua la Februari huku kwetu halina huruma, na wewe umefunga vifungo hadi shingoni ili watu wasione mikono yako. Binamu zako wa Syokimau walikuja likizo wakakuita Treila, kama yale malori ya kupimwa uzito Mlolongo, na jina likakushika shule nzima. Ulikuwa mrefu kuliko kaka zako, na mikono minene ya susu yako, mama yangu. Nilikwambia mikono hiyo umerithi kwake. Ukanijibu, "Basi arudishiwe." Nilicheka mbele yako, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Halafu nikaugua. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne waliponiondoa titi la kushoto, na wewe ndiwe uliyeniogesha niliporudi nyumbani. Ulivua sweta ili isilowe. Nilikuwa sijaiona mikono yako mitupu kwa muda mrefu, na hapo ilinishika ikaniinua kutoka kitandani kama mtu anayeinua mtungi mtupu. Ulipitisha kitambaa taratibu kando ya kidonda huku ukiniuliza habari za ng'ombe. Hukugeuza macho. Mimi ndiye niliyeangalia ukuta.

Kwa hiyo uliponipigia simu kutoka huko ukasema umechagua kuchunguza jinsi watu wa umri mbalimbali wanavyoipenda miili yao, sikushangaa. Nilijivuna tu, hata kabla sijaelewa vizuri. Shida yako ulinieleza ulipokuja likizo ya Agosti. Vijana wa Kichina walijibu maswali yako bila taabu, moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa. Wazee wao wakakuwekea tatu kila mahali. Kujisifu mbele ya mgeni ni aibu, kujilalamikia nako ni aibu, basi katikati panatosha. Mwalimu wako alikuwa amekwambia ukikosa njia uwaondoe wazee. Na bila wazee, ulisema, hakuna umri wa kulinganisha, kazi yote imekwenda na maji.

Mimi na ujuaji wangu nikakushauri ujifunzie kwa wamama wa kikundi chetu. Kama unaweza kumhoji Mama Katunge, Mchina atakushinda wapi?

Uliwaeleza vizuri sana. Kila mtu ajibu kivyake, ukasema. Kivyake! Kikundi ambacho hata rangi ya leso hupigiwa kura! Mama Katunge, mwenyekiti wetu, akainuka na kujikohoza.

"Swali ya kwanza. Mimi naridhika na mwili yangu vile iko. Nani ako na pendekezo?"

"Napendekeza tano," akasema Mama Ndanu.

"Aiya! Tano ni maringo," akasema Mama Mutua. "Na tukisema mbili, Mungu atatuuliza alikosea wapi. Tuweke nne."

"Naunga mkono."

"Imepita. Mwalimu, andika nne."

Na mimi katibu nikaandika nne. Tukaenda hivyo hadi swali la mwisho, kisha tukafunga kwa maombi na chai. Wewe ulikusanya karatasi zako, kila moja imejaa nne kutoka juu hadi chini, ukaenda nyuma ya ghala. Nilikukuta ukijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Mwaitu, hizi siwezi tumia," uliniambia. "Hii yote ni jibu ya mtu mmoja."

Siku iliyofuata tulikuwa tumekaa kwenye baraza, tukitoa mbaazi mbichi kwenye maganda, Mama Katunge akaja kurudisha ungo ambao hata sikumbuki kumwazima. Akavuta kigoda, akachota mbaazi, akaanza kuambua pamoja nasi. Baada ya muda akasema, macho kwenye vidole vyake, "Mwende, ile ya jana ilikuwa ya kikundi. Yangu si nne. Hii magoti imeniaibisha, wapee mbili. Lakini hii tumbo imebeba watoto wakanenepa wote, hiyo andika tano na usifute." Ulitaka kukimbilia kalamu, nikakukanyaga mguu. Ukaendelea kuambua. Alipoondoka akaja Mama Mutua, eti anatafuta kuku wake. Walikuja hivyo wiki nzima, kila mmoja na kisingizio chake, na sufuria yetu haikukosa mbaazi.

Uliporudi huko uliacha kugawa karatasi kwa wazee wanaofanya mazoezi bustanini. Ulimkuta bibi mmoja mzee, jirani yako, uani akichambua maharagwe mabichi, ukaketi, ukachambua naye. Nakumbuka ulivyonisimulia kwenye simu huku ukicheka. Aliubinya mkono wako kama anayenunua mbuzi, akasema mkono kama huu ungemfaa sana alipokuwa msichana wa kulima mpunga. Kisha akakujibu maswali yako moja baada ya jingine bila kuinua kichwa. Miguu yake anaipenda, bado inampandisha ngazi hadi nyumbani. Uso wake hajauwaza tangu mumewe afariki. Mjukuu wake, msichana mzuri kama nini, alikuwa amejipa mbili kwa sababu ya pua. Bibi akawaita wenzake, na maharagwe yakaongezeka. Hapo nilitaka kwenda kutangaza sokoni kwamba wazee wanajipenda kuliko vijana, ukanikatiza: "Hapana, Mwaitu, si rahisi hivyo. Kila mtu anapima kitu tofauti." Nilifurahi kusahihishwa na mwanafunzi wangu.

Halafu juzi ukanitumia video. Umesimama mbele ya walimu wako kwa ile gauni ya kitenge uliyoshonewa hapa sokoni, ile isiyo na mikono, na unaponyoosha mkono kuonyesha kitu ukutani, unaunyoosha wote. Nimeitazama hadi simu ikaisha chaji. Sikusikia hata neno la Kichina, lakini mikono ile ninaijua. Nilimwonyesha muuza nyanya, nikamwonyesha Mzee Kioko pia, kwa lazima. Ninajivunia wewe, Mwende, na sitaki kulisema hilo kwa mafumbo.

Sasa lile letu. Wamama wote walikuja barazani kusema yao isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amekaa kando yako muda wote na sahani ya mbaazi mapajani. Hukuniuliza. Siku ya kuondoka ulisema tu, "Yako nimekuachia, Mwaitu. Hata kama haitaingia kwa kazi yangu."

Leo asubuhi nimeketi barazani peke yangu na mbaazi za msimu huu, nikajiuliza swali lako la kwanza. Kisha nikaingia ndani, nikavua blauzi mbele ya kioo cha kabati, na safari hii sikuangalia ukuta. Kovu limelala vizuri. Baridi hii ya Juni hulivuta kidogo, na nguo hunikaa upande, nisikudanganye. Lakini ni mwili uliofundisha watoto wa watu, ukakunyonyesha wewe, ukaugua, ukainuka, na jana ukasimama kanisani ukakataa kukaa chini.

Jibu langu ni nne. Najua utacheka, ni ile ile ya kikundi. Lakini hii hakuna aliyeipendekeza, Mwende, na hakuna aliyeniunga mkono.

Mama yako,
ambaye bado ni katibu