Vilima vya Gyeongju

Alhamisi, 10 Aprili
Darasani, maabara, kutapika. Kila siku hivyo hivyo. Huku Korea hakuna anayejua nina mimba. Songea wanajua wawili tu, Mama na Beno, mume wangu. Ile ya kwanza nilitangaza mapema, mtaa wetu mzima wa Mfaranyaki ukajua, ikatoka. Safari hii mdomo nimefunga. Mama kapiga simu na mawaidha yake: ndoo usibebe, msibani usiende, makaburini usikanyage mpaka ujifungue. Nilicheka. Makaburi ya huku nitayajulia wapi?

Jumamosi, 12 Aprili
Jisun, ninayesoma naye, kanipeleka kwao Gyeongju, mji wa wafalme wa zamani. Nilifurahi, kusema kweli. Katikati ya mji kuna vilima vya mviringo, nyasi zimefyekwa safi. Watu wanapiga picha. Nasi tukapiga, nimekenua meno yote. Tukala vikeki vya maharage pale chini. Kilima kimoja kina mlango. Tukaingia. Baridi. Taji la dhahabu ndani ya kioo. Katikati, mahali alipolazwa mfalme.
Makaburi. Vilima vyote vile ni makaburi.
Nikatoka nje. Nikamwambia Jisun kichwa kinauma. Maskini, akakimbilia kuninunulia maji.

Jumapili, 13 Aprili
Doa la damu asubuhi. Nina shahada, najua mfalme wa kale hana shida na mwanangu. Shahada haijanisaidia kitu. Beno hapatikani. Mama sithubutu kumwambia.

Jioni. Damu imeongezeka. Nimemwita Jisun, nimemwambia yote.
Kashika mdomo. Kumbe hata kwao mjamzito hapelekwi penye wafu, mama yake angemfokea vibaya. "Dada, si ungeniambia?" Akalia. Ningemwambiaje? Nimeshika mwiko mmoja, nikavunja mwingine.

Jumatatu, 14 Aprili
Hospitali. Jisun anatafsiri, mkono wangu kaung'ang'ania. Daktari akatazama skrini, akasogeza kifaa tumboni, akatazama tena. Halafu moyo mdogo, unapiga mbio. Yupo. Nimeambiwa nilale, nisifanye kazi. Nimelala. Kila nikienda chooni naogopa kutazama.

Jumapili, 16 Novemba
Nyumbani, Mfaranyaki. Mvua za kwanza. Mtoto kanyonya, kalala. Mama kachagua picha moja kwenye simu yangu, kaenda kuisafisha studio, kaitia fremu. Kaitundika ukutani juu ya kitanda cha mjukuu wake: mimi na Jisun tunacheka, vilima nyuma yetu. Kavipenda vilima. Kauliza ardhi nzuri namna ile mbona hawapandi mahindi.
Nikamwambia ni ya serikali.